Habari za Giza Nilizompa Mkuu

Juzi redioni vijana wawili wenye sauti nzuri walikuwa wakibishana kama ni halali kumtesa mtu mmoja ili watu elfu wapone. Mmoja alisema ni halali kabisa, mwenzake akasema inategemea. Nilikuwa nachambua mchele. Nilinyoosha mkono nikazima redio kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi, na mjukuu wangu akaniuliza bibi umekuwaje. Nikamwambia betri zimekwisha.

Swali lile niliulizwa mimi nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Niliulizwa na mtu mpole, nikiwa nimeshika kikombe cha chai ya maziwa, na jibu langu lilimfurahisha.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Kigoma. Baba yangu alikuwa Muha wa milimani, mama yangu mwanamke wa Kibirizi aliyezaliwa na kukulia mchangani kwenye dagaa. Kwa baba nilipata Kiha, na mwenye Kiha akitulia kidogo anaelewana na Mrundi bila taabu. Kwa mama nilipata harufu ya dagaa ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiondoa, na nilimpata kaka yake, mjomba wangu, mwenye mtumbwi. Lugha ya baba na ziwa la mama ndivyo vilivyonifikisha kwenye nyumba nitakayoisimulia.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi iliyojaa hadi maji yanagusa ukingo, wengine wakashuka kwa miguu kupitia milimani, wakakaa ufukweni kungoja malori ya kuwapeleka kambini. Mwanzoni tuliwapikia uji. Mama yangu alitoa kanga zake mbili, na hakuwa na nyingi. Baadaye tulichoka, nami sisemi hili kwa kujivunia. Tulianza kusema wametumalizia kuni, wametuletea magonjwa, na kila kitu kilichopotea Ujiji ikawa kimechukuliwa na mkimbizi, hata kuku aliyekuwa ametaga kwa jirani. Kisha ukaja uvumi wa bunduki. Ilisemwa kwamba vita vya ng'ambo vinataka kuhamia kwetu, kwamba silaha zinaingizwa kwa mitumbwi ya dagaa na kufukiwa mchangani. Wanawake wakaacha kuchota maji jioni. Niliogopa kama wengine, na ningekuwa mwongo leo nikisema hofu ile haikuwa na msingi wowote. Ng'ambo watu walikuwa wakiuawa kweli. Tuliwaona waliofika na majeraha.

Lazima nieleze habari ya mwezi, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa nilichofanya. Dagaa wetu huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai juu ya maji, dagaa huufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa hawajikusanyi, na hakuna mwenye akili zake atakayepoteza mafuta ya taa. Mitumbwi huvutwa mchangani, wanaume hushona nyavu, hucheza bao, hugombana na wake zao. Harusi zetu hupangwa wakati wa mbalamwezi, kwa sababu ndipo bwana harusi na wajomba zake wanapopatikana nchi kavu. Kisha mwezi unaanza kuchelewa kutoka, jioni zinakuwa nyeusi tena, na tunasema giza limefunguka. Mtoto wa Kibirizi anajua hayo kabla hajajua kusoma.

Mjomba wangu alikuwa na mchecheto wa giza. Kila mwezi alikuwa wa kwanza kuingia ziwani, usiku mmoja mzima kabla ya wenzake, yeye na mtu wake wa Ujiji aliyevua naye tangu mimi niko darasa la tatu. Wawili hao walirudi asubuhi na ndoo mbili tu za dagaa, na ufukwe wote uliwacheka. "Mzee, ulienda kuwaamsha?" Mjomba alicheka nao, na mwezi uliofuata akarudia yale yale.

Jumatatu moja bosi wangu aliniambia nichukue mashine ya kuandikia na karatasi za kaboni, kuna gari linanisubiri. Nilipelekwa kwenye nyumba ya kawaida nje ya mji, yenye mapazia ya maua madirishani. Waliokuwamo walikuwa wageni waliotumwa kutoka mbali kwa kazi ya usalama, na hakuna hata mmoja wao aliyejua neno la Kirundi. Mkubwa wao tulimwita Mkuu, basi. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye vidonda vya tumbo. Alikunywa maziwa matupu, na kila asubuhi aliniuliza mama ameamkaje. Ningependa sana kusema alikuwa mnyama. Ingenirahisishia.

Waliyemkamata alikuwa mkulima kutoka milima ya ng'ambo, umri wa baba yangu mdogo, mwenye viganja vya mtu wa jembe. Alitoka kambini bila kibali, akakutwa Kibirizi akiukimbilia kila mtumbwi unaofika na kuchungulia nyuso za walioshuka. Mfukoni alikuwa na kipande cha karatasi chenye majina manane, na mbele ya kila jina namba. Nilimtafsiria Mkuu maelezo yake: ni mke wake, wanawe, na watoto wa marehemu kaka yake, waliopoteana naye njiani. Namba ni miaka yao. Yeye hajui kuandika, alimwomba karani wa kambi amwandikie ili awaonyeshe watu wa mitumbwi.

Mkuu aliitazama karatasi kwa muda. "Baba gani anatembea na miaka ya wanawe mfukoni?" alisema. "Hii ni orodha ya watu na idadi ya silaha zao. Mwulize ziko wapi."

Nilimwuliza. Akajibu vile vile. Nikaambiwa nimwulize tena.

Msaidizi wa Mkuu alikuwa na ukanda aliokata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Sitaeleza yote aliyoyafanya kwa ukanda ule. Alimfunga mikono kwa nyuma, akakaza, akangoja mpaka vidole vilipobadilika rangi, kisha akaanza kazi kwenye nyayo. Mtu yule alilia "Mawe! Mawe!" na Mkuu akanigeukia.

"Anasema nini?"

"Anamwita mama yake, mkuu."

"Hizo usitafsiri," akasema. "Tafsiri majibu."

Mchana nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta. Mkuu alinifuata na kikombe cha chai, aliitengeneza mwenyewe na kunitilia sukari nyingi. Alingoja nitulie, kisha ndipo akaniuliza lile swali.

"Dada, tuseme mama yako yuko pale Kibirizi anaanika dagaa. Chini ya mchanga anaoukanyaga kuna bunduki, na kesho zitafukuliwa zitumike. Mtu huyu anajua ziko wapi. Maumivu yake ya siku mbili, au mama yako?"

"Mama yangu," nikasema.

Akanipigapiga begani. "Basi kazi yetu unaielewa."

Nilikunywa ile chai nikaimaliza. Imenichukua miaka mingi kuona kilichokuwa kibovu katika swali lile, na kila nikikiona upya hasira hunipanda. Alisema "mtu huyu anajua" kama anavyosema mtu kwamba leo ni Jumatatu. Hilo hasa ndilo tulilokuwa hatulijui. Nyumba nzima ilikuwa haijui, na swali likaruka juu ya hapo likaenda moja kwa moja kwa mama yangu, mahali ambapo binti yeyote angejibu kama nilivyojibu.

Jumanne mchana yule mtu alikubali. Taarifa waliyokuwa nayo ilisema silaha ziliingia Jumamosi ya juma la kabla ya lililopita, na Mkuu alimtajia siku hiyo mwenyewe. Ndiyo, akasema, Jumamosi. Zilikuja kwa mtumbwi. Mtumbwi ulipita katikati ya mitumbwi ya dagaa, taa zilikuwa nyingi, ziwa zima taa tupu, kwa hiyo hakuna aliyeutambua. Taa hizo aliziona usiku aliovuka, na mtu wa milimani alidhani ziko pale siku zote kama nyota.

Vidole vyangu vilisimama juu ya mashine. Jumamosi ile mwezi ulikuwa mpevu. Jumamosi ile tulimwoza binti wa mjomba huko Buzebazeba, mimi nikibeba sinia za pilau uani bila taa kwa jinsi mbalamwezi ilivyokuwa, na wavuvi wote wa Kibirizi walikuwa pale wamejipaka mafuta. Ziwani hapakuwa na taa hata moja. Mtu huyu alikuwa anatunga. Alikuwa anashika chochote kilichokuwa karibu ili ule mpira ulegezwe.

Niliandika kama alivyosema, nakala tatu, nikarudi nyumbani. Mama aliniuliza mbona sili. Nikamwambia tumbo. Nilijiambia kazi yangu ni kutafsiri, yaliyobaki ni ya wenyewe. Nilijaribu sana kuliamini hilo, lakini roho ilinisuta, na Jumatano asubuhi nilienda kwa Mkuu kabla hajamaliza maziwa yake.

"Mkuu, yale maelezo si kweli," nikasema. "Jumamosi kulikuwa na mwezi mpevu. Hakuna mtumbwi wa dagaa uliokuwa ziwani."

Nilidhani nikisema hivyo watamwachia. Naapa hilo ndilo nililotaka, na ndilo nililojisemea miaka yote hii. Mtu amesema uongo kwa sababu anaumizwa, kwa hiyo acheni kumuumiza: kwangu ilikuwa hesabu ya darasa la kwanza.

Mkuu aliweka bilauri mezani. Akaniomba niketi. Akaniuliza nieleze, nami nikaeleza: karabai, mafuta, jinsi dagaa wanavyokataa mwanga wa mwezi, harusi. Aliandika kila kitu kwa mwandiko mdogo. Hakuna mwanamume wa ofisi aliyewahi kunisikiliza vile, akiandika maneno yangu mimi, mtu wa kupiga chapa maneno ya wengine. Nilivimba kichwa. Niseme ukweli wangu wote maana sina tena wa kumficha: nilifurahi. Aliponiuliza giza lilifunguka lini nikamwambia Alhamisi iliyopita. Aliponiuliza kama siku hiyo mitumbwi yote huingia, nikacheka, nikamwambia hapana, usiku wa kwanza huwa ni mtumbwi mmoja tu, kuna mzee mmoja asiye na subira, tunamtania kwamba anaenda kuwaamsha dagaa. Nilimsimulia kama kichekesho. Naye alicheka, akashika tumbo lake la vidonda.

"Umetusaidia sana, dada," akasema. Kisha akasimama. "Twende tukamwambie amenidanganya."

Sikuelewa mpaka tulipokuwa ndani. Nililazimika kumwambia mimi, kwa mdomo wangu, kwa lugha ya baba yangu: wanasema umewadanganya, Jumamosi hapakuwa na taa. Mtu yule alinitazama akashangaa kabisa, kama mwanafunzi aliyeandika jibu alilofundishwa akawekewa kosa. Msaidizi alikuwa tayari ameshika ukanda. Siku mbili za kwanza alipigwa ili aseme. Siku ya tatu alipigwa kwa sababu alisema, na mimi ndiye niliyeleta sababu hiyo.

Alipokuwa akipumzishwa alinigeukia mimi, akaongea kwa sauti ya chini sana.

"Mwanangu, nisaidie. Wanataka niseme nini ili iishe?"

"Anasema nini?" akauliza Mkuu.

"Anaomba maji."

Akaletewa maji. Katika nyumba ile hilo ndilo jema pekee nililofanya, nalo lilikuwa uongo.

Baada ya hapo maswali yakaja yakiwa yamebeba majibu yake. Mwulize kama ilikuwa Alhamisi. Ego, ndiyo. Mwulize kama ulikuwa mtumbwi mmoja peke yake. Ego. Mwulize kama ulikuwa wa mzee fulani mwenyeji wa Kibirizi. Ego. Angekubali hata kama angeulizwa kama aliyeuvuta mtumbwi ni ng'ombe. Nilikuwa natafsiri, na kwenye lile swali la mzee ndipo nilipotambua maneno yangu ya asubuhi. Hakuna kilichokuwa chake katika maelezo yale. Alhamisi ilikuwa yangu, mtumbwi mmoja ulikuwa wangu, mzee alikuwa wangu. Yeye alichangia "ego" peke yake.

Na yale maelezo mapya yalikuwa mazuri. Yale ya kwanza mtu yeyote wa ufukweni angeyacheka. Haya ya pili yalikuwa na mwezi mahali pake, giza mahali pake, na mtumbwi uliokuwa ziwani kweli usiku ule. Niliusema ukweli, nao ukatumika kuushona uongo pale ulipochanika. Chini ya ukurasa niliandika kwamba tafsiri ni sahihi, nikatia saini. Tafsiri ilikuwa sahihi neno kwa neno.

Ningeweza kusema hapo hapo: Mkuu, mzee huyo ni mjomba wangu, na usiku ule alirudi na ndoo mbili za dagaa, nilizianika mwenyewe na mama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Niliogopa kwamba lolote nitakalosema litachukuliwa likafanyiwa kazi kama yale ya kwanza. Hiyo ni sababu nzuri, na huwa naitoa ya kwanza. Ya pili ni kwamba niliuona ule ukanda umewekwa juu ya kiti, hatua mbili kutoka nilipokaa.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, walimchukua mjomba mchangani. Walimhoji kwa Kiswahili, kwa hiyo hawakunihitaji tena, na nilirudishwa ofisini kwangu na mashine yangu. Walifukua ufukwe kuanzia mtumbwi wake hadi mahali pa mama pa kuanikia. Dagaa wa siku ile walimwagwa pembeni wakachanganyika na mchanga. Walifukua hata sakafu ya chumba cha mjomba. Walipata vipande vya risasi za kuzamishia nyavu, wakavipeleka kupimwa, wakavirudisha. Hawakupata kingine. Mtu wake wa Ujiji hakuchukuliwa, kwa sababu asubuhi ile alikuwa kwao kwenye msiba.

Mjomba alikaa ndani mpaka mwezi ukawa mpevu tena. Nilipopata habari kwamba yuko hai, nilichukua ile orodha ya majina manane, maana niliipiga chapa katika ile nyumba na nakala ya kaboni ilibaki kwangu, nikampelekea karani mmoja wa kambini niliyesoma naye. Sikumweleza chochote. Nilimwomba tu aangalie katika madaftari yake. Ilimchukua asubuhi moja. Watano kati ya wanane walikuwa humo humo kambini, upande wa pili, waliingia siku nne baada ya yule baba kuondoka kwenda kuwatafuta ziwani. Miaka yao ilikuwa ile ile iliyoandikwa. Asubuhi moja na daftari, hata fimbo haikuhitajika.

Kuhusu baba yao niliambiwa amerudishwa kwao. Sikuambiwa amevushwa na nani wala kuachwa wapi, na sikuuliza mara ya pili. Kambini sikwenda kuwaona wale watano. Ningewaambia nini?

Mjomba alirudi Kibirizi amevaa shati la mtu mwingine. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havikunji. Watu walimpa pole, wakamwambia ashukuru Mungu yu mzima. Mkuu na wenzake walikuwa wameshaondoka. Nasikia walipongezwa, kwamba tangu walipokuja hakuna silaha iliyoingia. Hilo siwezi kulibisha. Tangu walipokuja hakuna tembo aliyeingia vile vile.

Nilikwenda kumwona siku ya tatu, saa nne asubuhi. Mitumbwi yote ilikuwa mchangani, wanaume wanashona nyavu. Alikuwa amekaa peke yake na wavu wake mapajani, sindano ya mti mkononi, hawezi kuibana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo upande huu, huko sikusikii."

Nikahama nikakaa kuliani kwake. Tuliongea mambo ya binti yake aliyeolewa. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyekaa na jambo siku nyingi.

"Walijua habari za giza," akasema. "Waliniuliza kwa nini naingia Alhamisi wakati wenzangu hawajaingia. Wale ni watu wa mbali, mwezi kwao ni mwezi tu. Na huyo Mrundi wanayesema alinitaja ni mtu wa jembe, hajui hata kushika kafi. Kuna mtu wa hapa hapa aliyewaeleza."

Nilianza kukung'uta mchanga kwenye pindo la wavu wake.

"Nimehesabu watu wote," akaendelea. "Anayejua saa nilizoingia na njia niliyopita ni mmoja. Na siku waliyokuja kunichukua, yeye hakuwepo. Msiba! Miaka yote ile, siku hiyo ndiyo akapata msiba." Aliitazama mikono yake. "Lakini sitaki kumdhulumu mtu, mwanangu. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ulikuwa mle ofisini, unasikia mambo. Ni yeye?"

Naomba anayebishana redioni alisikilize hili. Sikufungwa. Sikupigwa. Nilikuwa nimekaa kwenye mchanga wa nyumbani, jua linapendeza, na aliyeniuliza alinibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Hakunitisha kwa lolote. Aliniuliza mara moja, kwa upole, na jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni.

"Huenda, mjomba," nikasema. "Nilisikia wakimtaja mtu wa Ujiji."

Yule mtu wa Ujiji hakupata tena mtumbwi wa kuvulia Kibirizi, wala Bangwe alikojaribu baadaye. Nyumba yake ilirushiwa mawe mara mbili. Alihama na mkewe na watoto, wakaelekea kusini kando ya ziwa, na sijawahi kukutana na aliyemwona. Mjomba alikufa akiamini hivyo, na kwenye matanga yake mimi ndiye niliyesifiwa kwamba nilikuwa mpwa wake wa karibu.

Lakini asubuhi ile alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, uso wake ukawa wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilijua," akasema. "Asante, mwanangu. Bora umeniambia ukweli."

Kisha akaninyooshea ile sindano nimtungie uzi, maana vidole vyake havikuweza, nami nikamtungia.